Mixer: Mwenye Nyumba Alipofunga Mlango

Jumatatu ya tarehe 22 Juni, 2020, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kwamba kituo chake cha kutangazia michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti, kilichoitwa Mixer, kitafungwa tarehe 22 Julai ya mwaka huo huo. Siku thelathini tu zilitolewa. Siku moja kabla ya tangazo hilo, Mmarekani Mweusi aliyepata kufanya kazi katika kituo hicho alikuwa ameeleza hadharani namna alivyobaguliwa, kwa maelezo yake, alipokuwa mwajiriwa hapo. Mambo hayo mawili yalifuatana kwa muda mfupi mno, na tangu siku hiyo watu wengi wamekuwa wakiyataja kwa pamoja.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: yatuhusu nini sisi wakaazi wa Unguja na Pemba mambo ya kituo cha michezo cha ng'ambo, nacho kimekwisha fungwa miaka iliyopita? Swali hilo ni la haki, na tunapenda kulijibu mwanzoni kabisa. Vijana wetu wengi hivi leo wanatafuta riziki zao katika intaneti. Wapo wanaotangaza nyimbo, wapo wanaochekesha, wapo wanaofundisha mapishi au kuwaonesha wageni uzuri wa visiwa vyetu, na zipo televisheni za mtandaoni zilizoanzishwa kwa mtaji mdogo na bidii kubwa. Takriban wote hao wamejenga juu ya viwanja vya watu wengine. Yaliyowafika wenzao wa Mixer yanaweza kuwafika wao kesho asubuhi, na ni kheri tujiulize leo, wananchi na Serikali kwa pamoja, siku hiyo watashika wapi.

KITUO KILIVYOANZA

Kituo hicho hakikuanzishwa na Microsoft. Kilianzishwa na vijana wawili, Matt Salsamendi na James Boehm, kikafunguliwa Januari 2016 kwa jina la Beam. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi. Picha ilimfikia mtazamaji karibu papo hapo, ilhali katika vituo vingine ilichelewa kwa sekunde kadhaa. Kwa hivyo mtazamaji aliweza kusemezana na mchezaji, na hata kuingiza mkono wake katika mchezo wenyewe, kama watu waliokaa baraza moja. Agosti ya mwaka huo huo, kabla kituo hakijatimiza mwaka, Microsoft ilikinunua. Mei 2017 kikabadilishwa jina, kikaitwa Mixer.

Shabaha ya Microsoft haikuwa siri. Kampuni ya Amazon ilikwisha inunua Twitch tangu mwaka 2014, nayo Twitch ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote katika utangazaji wa michezo ya kompyuta. Microsoft, yenye mashine zake za michezo za Xbox, haikutaka kuachwa nyuma. Agosti 2019 ilimvuta kutoka Twitch mchezaji mashuhuri ajulikanaye kwa jina la Ninja, na Oktoba ikamchukua mwenziwe aitwaye Shroud, kwa mikataba iliyowataka watangaze Mixer peke yake. Mwezi huo huo wa Oktoba waanzilishi wawili wa kituo wakaondoka.

Fedha ilimwagwa, lakini watazamaji hawakuja. Mwezi Aprili 2020, wakati maradhi ya Korona yalipokuwa yamewafungia mamilioni ya watu majumbani, Twitch ilitazamwa kwa zaidi ya saa bilioni moja na nusu, ilhali Mixer ilitazamwa kwa yapata saa milioni 37, kiasi ambacho hakikutofautiana sana na cha mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Soko zima lilipanuka, na duka hili likabaki na wateja wale wale.

Hata hivyo, duka dogo nalo lina watu wake. Wapo maelfu waliokipenda kituo hicho kwa sababu ya udogo wake. Katika Twitch mtangazaji mchanga hupotea kama tone katika bahari. Katika Mixer aliweza kuonekana, akajulikana, akapata watazamaji mia mbili waliomjua kwa jina. Watu hao walitumia miaka mitatu na minne kujenga hadhira yao. Wao ndio hasa waliopata khasara, na wao ndio tunaowafikiria katika makala haya.

SIKU TATU ZA JUNI

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, kwa sababu aliyoyasema mfanyakazi yule ni tuhuma, na tuhuma si hukumu. Kwa maelezo yake, mtu mmoja aliyefanya naye kazi alimwambia kwamba ameajiriwa kwa sababu ya ujanja wa mitaani. Alieleza pia kwamba mkuu wake mmoja, akifafanua uhusiano wake na wale watangazaji walioitwa washirika wa kituo, alijifananisha na bwana mwenye watumwa, kwa kuwa kazi zao zimo mikononi mwake na mafanikio yao yanamtegemea yeye. Alisema alipolalamika hakupata haki aliyoitazamia, na mwisho akaondoka.

Phil Spencer, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Xbox, alimjibu hadharani na kutaka kuzungumza naye. Tarehe 23 Juni mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alitangaza kwamba kampuni itatumia dola milioni 150 zaidi katika kupambana na ubaguzi ndani ya nyumba yake, na kwamba itaongeza maradufu idadi ya viongozi Weusi katika ofisi zake za Marekani ifikapo mwaka 2025. Ahadi hiyo ilikuwa ya kampuni nzima, nayo ilitolewa katika siku ambazo Marekani yote ilikuwa ikitikisika kwa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd mikononi mwa polisi, katika mji wa Minneapolis, tarehe 25 Mei.

Wapo waliodai kwamba kituo kilifungwa ili kuizima tuhuma. Sisi hatuoni hivyo. Mapatano ya kuwahamishia watangazaji wa Mixer kwenye kituo cha Facebook Gaming yalitangazwa siku ile ile ya kufungwa, na mapatano baina ya makampuni makubwa mawili hayaandikwi kwa usiku mmoja. Spencer mwenyewe alieleza kwamba Mixer ilianza ikiwa nyuma mno ya washindani wake kwa idadi ya watazamaji. Biashara haikulipa, ikafungwa. Kufunga biashara isiyolipa si dhambi, na gazeti linalotafuta ukweli halina haki ya kuzua njama mahali ambapo hesabu za kawaida zinatosha kueleza.

Lakini kusema kwamba jambo moja halikusababisha jingine si kusema kwamba hayana uhusiano. Kwa maoni yetu yanatoka katika mzizi mmoja, na mzizi huo ni kazi ya mtu asiye na kauli katika nyumba anayoifanyia kazi.

NENO 'MSHIRIKA'

Watangazaji wakubwa wa Mixer waliitwa washirika. Katika Kiswahili chetu, mshirika ni mtu mwenye sehemu. Wavuvi wawili wakishirikiana dau, hapana mmoja wao atakayeliuza bila ya mwenziwe kujua. Wakulima wakishirikiana shamba, faida ni yao na khasara ni yao. Sasa tutazame washirika wa Mixer walivyotendewa. Wengi wao walizisikia khabari za kufungwa kwa kituo siku ile ile na saa ile ile zilipotangazwa kwa ulimwengu mzima. Wapo waliokuwa wakitangaza wakati huo, wakazisoma kwa watazamaji wao. Hapana mshirika wa namna hiyo. Huyo ni mpangaji, tena mpangaji asiye na hati.

Waliobakiwa na salio la sarafu za kituo, au waliokuwa wamelipia uanachama, walirudishiwa thamani yake kwa kadi ya kununulia bidhaa za Xbox, yaani katika duka jingine la kampuni ile ile. Ninja na Shroud, wenye mawakili na mikataba minene, waliachiwa huru waende watakako, na kabla ya mwaka kwisha wote wawili walikwisha rudi Twitch. Wadogo waliambiwa kwamba Facebook Gaming itawapokea. Waliokwenda huko walianza tena kukusanya watazamaji mmoja mmoja. Tarehe 28 Oktoba, 2022, Facebook nayo ikaifunga programu yake ya simu iliyotengwa kwa ajili ya michezo hiyo, ingawa utangazaji wenyewe uliendelea katika Facebook ya kawaida. Kwa muda wa miaka miwili na miezi michache mtangazaji wa aina hiyo alikuwa amehamishwa mara mbili, na mara zote mbili hapana aliyemuuliza.

Hapa ndipo tuhuma ya mfanyakazi yule inapotuuma. Sisi wa visiwa hivi hatuwezi kulisikia neno la utumwa likichezewa mdomoni kama mfano wa kazini, tukanyamaza. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, chini ya Sultan Barghash, na hata hivyo ilikuwa mpaka 1897 ndipo sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika Unguja na Pemba. Baina ya miaka hiyo miwili watu waliendelea kuwa mali ya watu. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Mtangazaji wa intaneti anaweza kuondoka saa yoyote. Hiyo ni tofauti kubwa sana, na yeyote anayezifananisha hali hizo mbili anawadhulumu waliokuwa watumwa kweli. Ikiwa mkuu yule aliyatamka maneno aliyosingiziwa au la, hatuwezi kuamua sisi. Tunachoweza kusema ni kwamba maneno kama hayo hayatoki ila mahali ambapo mtu mmoja amezoea kuona riziki za wengi ziko chini ya kidole chake, wala hapana wa kumhoji.

Na anayeumizwa kwanza na mamlaka ya namna hiyo aghlabu ni yule ambaye tayari ni mnyonge: Mweusi katika ofisi ya wazungu, mgeni katika nchi ya watu, mwanamke katika kikao cha wanaume. Kituo kinapofungwa ghafla, wote huumia. Kituo kinapobagua, wachache huumia, nao wengine hawaoni. Lakini mkono ni mmoja.

KWETU TUMEYAONA

Tusidhani kwamba haya ni mageni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay kurikodi santuri. Kampuni iliyozitoa iliitwa His Master's Voice, ambayo maana yake kwa Kiswahili ni Sauti ya Bwana Wake. Sauti ilikuwa ya binti wa Fumba, maneno yalikuwa ya Kiswahili, na masikio yaliyozisubiri santuri hizo yalikuwa ya Ng'ambo, Mombasa na Lamu. Lakini mitambo na uamuzi wa kipi kitolewe tena na kipi kiachwe vilikuwa ng'ambo ya bahari. Karibu miaka mia imepita, na mtafiti wa Kizanzibari anayetaka kuzisikia sauti hizo bado analazimika kuzitafuta kwa wageni.

Wazee wa Pemba wanalo funzo jingine, la karafuu. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, iliyozihitaji karafuu zetu kwa sigara zake za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake, na katika miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza. Bei ikaporomoka. Mkulima wa Wete hakuwa amefanya kosa lolote. Karafuu zake zilikuwa zile zile, na harufu yake ile ile. Kosa lilikuwa la uchumi mzima kumtegemea mnunuzi mmoja ambaye hakuwa na wajibu wowote kwetu. Kina mama wa Paje na Jambiani, waliolima mwani tangu 1989, nao wanajua maana ya kupangiwa bei na mtu aliye mbali. Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga, hufa maskini. Na hawa hata si ndugu zetu.

Wala hatuna haja ya kurudi nyuma sana. Nairobi palikuwa na ofisi ya kampuni iitwayo Sama, ambamo vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa kutwa wakichuja picha na maneno maovu ili yasiwafikie watumiaji wa Facebook. Januari 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaiacha kazi hiyo. Machi mwaka huo wafanyakazi walikwenda mahakamani. Walidai kwamba kuachishwa kwao kulikwenda kinyume cha sheria, na kwamba kampuni nyingine iliyokuja kuichukua kazi ile ile iliwakataa kwa sababu tu walitoka Sama. Makampuni yaliyoshitakiwa yalikana madai hayo. Meta, mwenye Facebook, ilisema haiwezi kushitakiwa Kenya kwa kuwa si mwajiri wao na wala haina makao huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba inaweza kushitakiwa.

Tunaitaja kesi hiyo kwa sababu inaonesha kwa uwazi kitu ambacho katika Mixer kilionekana kwa mbali. Hapo pia ofisi ilifungwa kwa ghafla, na hapo pia palikuwa na malalamiko ya kubaguliwa. Na swali la kwanza lililoikabili mahakama halikuwa kama wafanyakazi walidhulumiwa, bali kama yupo mtu wa kumuuliza. Mwaka mzima na nusu ulipita kabla ya jibu la swali hilo la mwanzo kupatikana katika Mahakama ya Rufaa. Mfanyakazi mwenye watoto hawezi kuukalia muda huo bila ya mshahara.

ALIYE NA MALI YAKE

Ipo hadithi moja ya upande wa pili, nayo inafaa kuzingatiwa. Mwaka 2018 kampuni ya WarnerMedia ilifunga vituo viwili vidogo vya filamu. DramaFever, kilichokuwa kikionesha tamthilia za Korea na nchi nyingine za Asia, kilifungwa tarehe 16 Oktoba, siku ile ile ya tangazo. FilmStruck, kilichokuwa cha filamu za zamani na za kisanii, kilitangaziwa kufungwa tarehe 26 Oktoba, kikazimwa tarehe 29 Novemba. Katika FilmStruck alikuwemo mshirika mmoja aliyekuwa na maana ya neno hilo: nyumba ya filamu ya Criterion, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imekusanya na kutengeneza upya filamu zake, na iliyokuwa na haki za kuzionesha. Tarehe 8 Aprili, 2019, Criterion ilifungua kituo chake yenyewe, na watazamaji wake wakaifuata.

Tofauti ni hiyo. Wa Mixer walikuwa na hadhira, lakini orodha ya hadhira ilikuwa ya mwenye nyumba. Criterion ilikuwa na mali yake, na mlango ulipofungwa iliibeba ikaondoka nayo. Si kila kijana wa Michenzani au wa Chake Chake anayeweza kuwa Criterion. Lakini kila mmoja anaweza kuhifadhi nakala ya kazi zake nyumbani, kuwa na njia nyingine ya kuwapata watu wake, na kuisoma mikataba kabla ya kuitia saini.

WAJIBU WA SERIKALI

Hata hivyo, haifai kumtwika mzigo wote mtu mmoja mmoja. Mnyonge hawezi kujadiliana na Microsoft. Serikali inaweza, na hata pale isipoweza kuilazimisha kampuni ya ng'ambo, inaweza kuilinda nyumba yake. Kwa hiyo tunapenda kuwakumbusha viongozi wetu mambo manne.

La kwanza ni mikataba. Taasisi za umma zinapoamua kuweka masomo ya skuli, matangazo au kumbukumbu zao katika kituo cha kampuni ya kigeni, mkataba ueleze wazi ni muda gani wa taarifa utakaotolewa kabla ya huduma kusita, na kwamba kila kilichowekwa kitarudishwa katika hali inayotumika. Siku thelathini hazitoshi hata kuandika barua na kupata jibu kutoka wizarani. Tunapendekeza muda usiopungua miezi sita.

La pili ni hifadhi. Sauti na picha zilizogharamiwa na fedha za wananchi zisiwe na nakala moja tu iliyo ng'ambo. Shirika letu la utangazaji na idara ya nyaraka wapewe nyenzo za kuhifadhi hapa hapa taarabu, hotuba, vipindi vya watoto na kumbukumbu nyingine. Wasanii nao wasaidiwe kuzisajili kazi zao chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, ili siku kituo kitakapofungwa isiwe na haki zao zimefungiwa ndani.

La tatu ni malalamiko. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu chake cha 12, inakataza ubaguzi, na Sheria ya Ajira ya 2005 inaukataza kazini. Maneno hayo ni mazuri, lakini yanahitaji mlango wa kubishia. Kijana anayefanya kazi Mwanakwerekwe kwa kampuni iliyo nchi nyingine ajue ni ofisi gani ya kazi itakayompokea, na malalamiko yaliyokwisha pelekwa yasife kwa sababu kampuni imefunga ofisi au imebadilisha jina. Anayefunga biashara alazimike kukabidhi majalada ya madai yaliyobakia, kama anavyolazimika kulipa kodi iliyobakia.

La nne ni ada. Mwaka 2018 Serikali ya Muungano ilitunga kanuni zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kukata leseni, na gharama za mwanzo zilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye. Hatupingi kuwepo kwa utaratibu. Lakini anayetoza ada ana wajibu wa kutoa kinga. Ikiwa kijana atalipia leseni kwa Serikali yake, kisha kituo cha ng'ambo kikamfutia kazi ya miaka mitano kwa siku moja, ana haki ya kuuliza alichokilipia ni nini. Wasimamizi wa utangazaji wa pande zote mbili za Muungano wangefanya jambo jema kama wangewasaidia watangazaji hawa kuungana katika ushirika, wakawa na sauti moja ya kuzungumzia na makampuni hayo. Mtu mmoja akiandika barua kwa kampuni kubwa, barua hupotea. Watu elfu mbili wakiandika pamoja na Serikali ikatia mhuri, itasomwa.

TUJITAZAME NA SISI

Kabla hatujamaliza, ni vyema tukajiangalia wenyewe. Ni rahisi kulaani ubaguzi wa Marekani ukiwa umekaa Forodhani. Lakini je, katika ofisi zetu hakuna anayeulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa anajua nini? Hakuna aliyenyimwa nafasi kwa kuwa anatoka kisiwa kile na siyo hiki, au shamba na siyo mjini? Na yule aliyelalamika, alisikilizwa, au alihamishwa? Maswali hayo hatuyatoi kwa kumnyooshea mtu kidole. Tunayatoa kwa sababu ofisi isiyosikiliza malalamiko ya aliye ndani haiwezi kuwa na nguvu ya kumtetea aliyedhulumiwa nje.

Tarehe 22 Julai, 2020, aliyeiandika anwani ya Mixer katika kompyuta yake alijikuta amepelekwa Facebook. Hapakuwa na tangazo la kuaga mlangoni, wala majina ya waliokuwa wakikaa humo. Siku kama hiyo itamfika mtu wa hapa kwetu, na hatujui itakuwa ya kituo kipi. Sheria, mikataba na hifadhi tulizozitaja zinahitaji miezi na miaka kutayarishwa. Taarifa, siku ikifika, huenda ikawa ya siku thelathini. Kwa hiyo tunawaomba wahusika, Barazani na maofisini, waianze kazi hiyo sasa.